Slabu Kabla ya Ramadhani: Kisa cha Kibarua Aliyepigwa na Joto Kisiwani Lamu

Kisa hiki kilitokea katika ujenzi niliokuwa nikiusimamia mwenyewe, kwa hiyo makosa mengi yatakayotajwa humu ni yangu. Nimeondoa jina la kijiji, la mwenye nyumba na la mkandarasi. Kijana aliyeumia nitamwita Daudi, ambalo si jina lake, na ameniruhusu kukisimulia. Nakiandika kwa ajili ya wasimamizi, mafundi wakuu na wote wanaoandika vibarua huku pwani. Siku ile nilikuwa na miaka 11 katika kazi hii, na sikujua hata nusu ya nitakayoyaeleza hapa.

Usuli

Ilikuwa nyumba ya mawe ya ghorofa mbili kisiwani Lamu, nje kidogo ya mji. Ujenzi wa huku una mambo yake. Lori halifiki. Kokoto, mchanga, simiti na vyuma huvuka maji kwa mashua hadi jetini, kisha hupandishwa na punda kupitia vichochoroni mpaka kiwanjani. Mashua hungoja maji yajae, punda hungoja mashua, nasi twangoja punda. Kazi iliyopangwa asubuhi inaweza kuangukia mchana bila mtu yeyote kufanya uzembe.

Mwezi ulikuwa Machi, siku nne kabla ya Ramadhani. Wakaao pwani wanaujua msimu huo: kaskazi imeishiwa nguvu, kusi haijaingia, na katikati ni maleleji. Bahari imelala, matanga yananing'inia, na ndani ya kiwanja kilichozungukwa na kuta za majirani hakipiti hata kiupepo cha kupepea karatasi. Kipimajoto hakisemi jambo la kutisha wakati huo. Nyuzi 32, pengine 33. Kuna watu katika nchi kavu wanaofanya kazi kwenye joto kubwa kuliko hilo.

Kinachotuumiza sisi ni unyevu. Jasho halimpozi mtu kwa kutoka, humpoza kwa kukauka, kwa sababu likikauka ndipo linapoondoka na joto la mwili. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho hutiririka na kudondoka chini bure: maji yamepotea, chumvi imepotea, na mwili uko vilevile. Kipimo kisichogharimu kitu ni kamba ya nguo. Shuka lililoanikwa kivulini asubuhi likikutwa bado bichi adhuhuri, jua kwamba jasho la kibarua halikauki pia. Wataalamu wa usalama kazini wana chombo cha kupima joto la aina hii, kilichobuniwa miaka ya 1950 kuwalinda makuruta wa jeshi la Marekani. Katika hesabu yake, balbu iliyovishwa kitambaa kibichi huchukua asilimia 70, balbu nyeusi iliyowekwa juani asilimia 20, na joto la kawaida la hewa asilimia 10 tu. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikiitazama ile 10.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kumwaga slabu ya ghorofa ya kwanza, zege la kama mita za ujazo 18. Tulikuwa watu 24 na mashine moja ndogo ya kuchanganyia, na zege likipandishwa kwa makarai kupitia njia ya mbao yenye mwinuko. Malipo ya siku ya slabu ni ya mkupuo: slabu ikiisha, kila mtu anachukua chake na kwenda zake. Mtindo huo ni wa zamani na vibarua wenyewe wanaupenda. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Daudi alikuwa na miaka 24, mzima wa mwili, mwenye nguvu kuliko wengi wetu. Alitoka nyanda za juu, mahali ambapo mwezi Machi watu bado huvaa sweta jioni. Alishuka Mokowe Jumamosi jioni baada ya safari ndefu ya basi, akavuka kwa boti, na Jumatatu asubuhi akawa kwenye karai. Alikuwa na mafua, na usiku wa kuamkia kazi alimeza vidonge vya mafua, aina ile inayoleta usingizi. Hayo ya vidonge tuliyajua baadaye. Hakuna aliyemuuliza.

Siku yenyewe

Tulipanga kuanza saa kumi na mbili asubuhi. Mashua iliyobeba kokoto ikachelewa kwa sababu ya maji kupwa, na mzigo wa mwisho ulifika karibu saa tatu. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wa kwanza, na mpaka leo ndio unaoniuma zaidi. Ningeweza kuahirisha. Sikuahirisha, na sababu zangu zilikuwa hizi: mashine ilikodiwa kwa siku, watu 24 walikuwa wamesimama mbele yangu wakitazamia malipo, Ramadhani ilikuwa mlangoni, na mwenye nyumba alikuwa amepiga simu mara mbili. Hakuna hata moja iliyokuwa sababu ya kipuuzi. Lakini maana yake ilikuwa kwamba kazi iliyopangwa kumalizika kabla ya jua kuwa kali sasa ingeanza jua likiwa linapanda.

Tulianza. Saa nne na nusu watu walipewa chai na mandazi, wakinywa wamesimama. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye jerikeni moja la lita 20, chini, karibu na stoo. Lilijazwa tena mara moja. Aliyekuwa juu na kushikwa na kiu ilimbidi ateremke, aache pengo kwenye mstari wa makarai, na wenzake wampigie kelele. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mvumilivu hula mbivu," na watu wakacheka. Nami nilicheka.

Adhuhuri ilipoingia, wengi walikwenda kuswali. Ilikuwa kama dakika 30 pamoja na kutawadha. Lakini zege halitaki kusimama, kwa hiyo niliwaomba watatu wasiokwenda msikitini waendelee kulisha mashine ili mchanganyiko usikatike. Daudi alikuwa mmoja wao. Walipakia mchanga na kokoto kwa sepeto, juani, mashine ikinguruma, hadi wenzao waliporudi. Kisha yeye akarudi kwenye karai.

Mnamo saa saba alianza kubadilika. Aliacha kuongea, na tangu asubuhi alikuwa mwenye maneno mengi. Aliangusha karai mara mbili. Fundi wa juu alipomwambia apeleke zege kona ya kulia, alipeleka kushoto, na alipokosolewa akajibu kwa ukali maneno yasiyoeleweka. Nilimtazama. Alikuwa akitoka jasho jingi mno, ovaroli imelowa hadi kwenye gambuti, nikajiambia kwamba mtu anayetoka jasho hivyo bado yuko sawa. Nilidhani pia labda ametafuna miraa. Fundi mkuu, mzee wetu ambaye sote twamwita Ami, alisema bila ubaya wowote, "Hayazoea yua la Amu. Atazoea." Tukamwacha.

Saa saba na dakika 40 alikaa kwenye njia ya mbao, akatapika, akajaribu kusimama, akaanguka. Alikuwa akitamka vitu visivyo na maana, mikono ikimtikisika, na ngozi yake ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliondoa mkono wangu.

Baada ya kuanguka

Dakika tano za mwanzo zilikuwa vurugu. Watu walimzunguka wakamkatia hewa kidogo iliyokuwepo. Mmoja alisema malaria imempanda kichwani. Mwingine alisema sukari imeshuka, akaleta soda, akataka kumwekea mdomoni. Kijana mmoja alikimbilia dukani kununua dawa ya kuteremsha homa. Mimi nilipiga simu kutafuta boti na kuamuru abebwe mara moja hadi jetini. Hapo nilidhani nafanya jambo sahihi kabisa: mgonjwa apelekwe hospitali.

Aliyetuzuia alikuwa nahodha wa mashua ya kokoto, ambaye alikuwa bado anangoja malipo yake. Aliwahi kufunzwa huduma ya kwanza kwa ajili ya kazi ya baharini. Aliizuia soda kwanza: mtu asiye na fahamu zake hanyweshwi kitu, maji yataingia mapafuni. Kisha akaniuliza boti itachukua muda gani. Nikamwambia dakika 20 kufika, na nyingine za safari. Akasema, "Basi hizo dakika 20 ndizo zake. Mpozeni kwanza, safari baadaye. Ubongo wake unaiva."

Tulimbeba hadi kivulini chini ya ukuta. Tukamvua gambuti na ovaroli, tukamsitiri kwa kikoi. Nahodha akaitisha turubai tuliloliweka juu ya mifuko ya simiti. Watu sita wakalishika kingo zake likawa kama beseni, Daudi akiwa ndani, kichwa kimeinuliwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa hiyo tu. Maji yalichotwa kisimani ndoo baada ya ndoo. Kisha nahodha akamtuma mtu mbio kwenye mashua ya wavuvi iliyokuwa ufukweni karibu, ambayo ilikuwa na masanduku mawili ya barafu ya samaki. Barafu yote ikamiminwa turubaini. Watu wengine wakampepea kwa vipande vya maboksi, na wawili wakawa wanayakoroga maji ili yaliyopata joto mwilini yasikae palepale.

Mmoja wetu alishauri tumtumbukize baharini. Nahodha alikataa: ufuko ulikuwa mbali kidogo, mtu asiyejitambua majini ni hatari juu ya hatari, na bahari ya Machi yenyewe ina vuguvugu. Ni bora kuliko kutofanya lolote, alisema, lakini tukiwa na kisima na barafu hatuna haja nayo.

Baada ya kama dakika 15 alianza kutetemeka kwa baridi, akafumbua macho, akauliza yuko wapi. Hatukuwa na kipimajoto cha mwili. Nahodha akasema inatosha, asije akapoa kupita kiasi. Boti ilipofika tulimlaza ubavu, chini ya kivuli cha boti, vitambaa vibichi mwilini na barafu iliyobaki shingoni, makwapani na kwenye mapaja kwa juu, hadi hospitalini.

Matokeo

Alipopimwa, joto lake lilikuwa nyuzi 39.4, na ilikuwa imepita karibu saa nzima tangu aanguke. Daktari alikadiria kwamba alipoanguka lilikuwa juu ya 41. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, dalili kwamba misuli ilikuwa imevunjika na mabaki yake yanaziba figo. Alikaa siku nne akiwekewa maji kwa mshipa na kupimwa figo kila siku. Figo zilirudi. Ubongo haukuonyesha kasoro. Mmoja kati ya wale watatu waliobaki kwenye mashine wakati wa sala alishikwa na mikazo mikali ya misuli ya tumbo na mapaja jioni hiyo, akatibiwa kwa maji ya chumvi na sukari na kupona. Gharama ya hospitali ilibebwa na mkandarasi, baada ya mvutano ambao sina haja ya kuusimulia.

Na slabu? Daudi alipoanguka, Ami alipigilia ubao mmoja ulionyooka katikati ya upana wa chumba cha pili, akamalizia zege hapo, akafunga kazi. Kesho yake alfajiri tulikwaruza ukingo, tukaupaka uji wa simiti, tukaendelea kutoka pale. Mhandisi alikagua akaukubali. Maungio ya namna hiyo huwekwa sehemu ya katikati ya upana, ambako nguvu za kukata slabu ni ndogo. Jambo nililoamini kwamba haliwezekani, nililolitumia kama sababu ya kuwanyima watu watatu mapumziko, lilifanyika kwa dakika 10 na ubao mmoja.

Uchambuzi

Nianze na zege hilohilo, kwa sababu nalifikiria kila ninapopita mbele ya nyumba ile. Kila fundi anajua zege halipendi jua la mchana. Likimwagwa kwenye joto kali hukamata upesi, maji yake huruka kabla ya wakati, na ngozi yake hupasuka nyufa ndogondogo. Ndiyo maana siku ileile nilikuwa nimeandaa magunia ya kulowesha na kulifunikia slabu, na mtu maalumu wa kuyanyunyizia maji kwa siku saba. Kwa zege nilikuwa na mpango wa kivuli na maji ulioandikwa. Kwa waliolibeba nilikuwa na jerikeni. Kumwaga slabu alfajiri au usiku kungelifaa zege na kuwafaa watu kwa pamoja, na sikuwa na sababu ya kiufundi ya kutofanya hivyo. Nilikuwa na mazoea.

Jambo la pili ni ugeni. Mwili hujifunza joto. Ukikaa kwenye joto ukifanya kazi, ndani ya siku saba hadi 14 huanza kutoka jasho mapema zaidi na lenye chumvi iliyopungua, na moyo hupiga kwa utulivu. Mwili wa siku ya kwanza hauna hata kimoja cha hivyo, hata uwe wa kijana wa miraba minne. Marekani, ambako vifo vya namna hii huchunguzwa na kuandikwa, imeonekana kwamba vingi hutokea katika siku chache za kwanza za mtu kazini. Kwa hiyo Ami alisema kweli kwamba Daudi hajazoea. Kosa letu ni kwamba tulilichukua neno hilo kama faraja, wakati lilikuwa onyo. Kanuni inayotumika huko ni kwamba mgeni afanye asilimia 20 ya kazi ya kawaida siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Mwenyeji anayerudi baada ya likizo au ugonjwa aanze na nusu. Sisi tulimpa mgeni kazi nzito kuliko zote, siku nzito kuliko zote, tukamwongezea ya wenzake walipokwenda kuswali.

Hilo la sala linahitaji kusemwa wazi. Katika siku nzima, mapumziko pekee yaliyokuwa na utaratibu yalikuwa yale ya adhuhuri. Waliokwenda walikaa kivulini, walipaka maji usoni, mikononi, kichwani na miguuni, walikaa kitako kwa utulivu, na walipitia birikani kunywa. Hawakulazimika kumwomba mtu ruhusa wala kuona haya. Wote wawili waliougua walitoka katika watatu waliobaki. Sisemi kwamba sala ndiyo dawa ya joto, na watatu ni wachache mno kwa mtu kujenga hoja juu yao peke yao. Nasema tuliona kwa macho yetu mapumziko yasiyoombwa yanavyofanya kazi. Pumziko ambalo mtu lazima aliombe, mbele ya wenzake 23 wanaolipwa slabu ikiisha, halitaombwa. Hapo ndipo ule mtindo wa malipo ya mkupuo unapoingia: unamfanya kila kibarua kuwa nyapara wa mwenzake, na kiu ya mmoja kuwa hasara ya wote. Uvumilivu ni sifa njema kwetu, tunawalea nayo watoto. Lakini kiwanjani, mwezi Machi, niliuona ukitumika kumfunga mtu mdomo.

Hesabu ya maji ni fupi. Mtu anayefanya kazi nzito kwenye joto anahitaji kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, yaani kama robo tatu ya lita kwa saa. Watu 24 kwa saa nne na nusu ni kama lita 80. Tulikuwa na 40, nazo zilikuwa chini ya ngazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa mahali wafanyakazi wanapoyafikia kwa urahisi. Kwenye karatasi tulikuwa nayo. Niongeze tahadhari ambayo watu huisahau: wala si vizuri mtu kujimiminia maji bila kipimo. Zaidi ya lita moja na nusu kwa saa, chumvi ya damu huzimuliwa, na hilo nalo huua. Madafu ni mazuri na watu huyapenda, ila yana chumvi kidogo sana, hayawezi kuwa badala ya chakula.

Dalili tulizikosa kwa sababu mbili. Kwanza jasho. Wengi tumefundishwa kwamba aliyepigwa na joto huwa mkavu. Mzee aliyefungiwa chumbani siku za joto huenda akawa hivyo. Kibarua aliyeangushwa na kazi mara nyingi huwa amelowa chapachapa, kama alivyokuwa Daudi. Dalili ya kuitegemea ni akili: anayejibu ovyo, anayepepesuka, anayegeuka mkali bila sababu, anayenyamaza ghafla. Uchovu wa joto huleta kizunguzungu, kichefuchefu na kichwa kuuma, lakini mtu hubaki na akili zake. Akili zikianza kuyumba, hilo ni jambo jingine kabisa na kila dakika ina hesabu yake. Mimi nilikuwa na takriban dakika 40 kati ya karai la kwanza kuanguka na yeye mwenyewe kuanguka. Nilizitumia kumshuku miraa.

Sababu ya pili ni malaria. Huku kwetu kila mwili wa moto ni malaria, na dawa ya homa ndiyo inayokimbiliwa. Lakini homa ya ugonjwa hutokana na mwili wenyewe kupandisha kiwango chake cha joto, na vidonge hukishusha kiwango hicho. Aliyepigwa na joto kiwango chake hakijapanda. Mwili umezidiwa tu. Vidonge havina cha kushusha, na ini na figo ambazo tayari ziko taabani huongezewa mzigo. Na vile vidonge vya mafua alivyomeza usiku? Daktari alituambia aina hiyo inayoleta usingizi hupunguza pia utoaji wa jasho. Swali moja asubuhi, "Kuna anayeumwa au anayetumia dawa?", lingetosha kumweka kwenye kazi ya kivulini.

Kilichomwokoa ni nahodha na yale masanduku ya barafu. Daktari alisema hivyo bila kuzunguka: kama tungembeba akiwa wa moto vile, angefika hospitali baada ya nusu saa au zaidi ya ubongo na figo kuungua, na muda wa kuokoa viungo ni kama huo nusu saa. Kisiwani, ambako kila safari ya hospitali ina kungoja boti ndani yake, kupoza papo hapo si jambo la kuchagua. Na vifaa tulikuwa navyo vyote bila kujua: turubai, kisima, ndoo, watu wengi, na barafu ambayo haikosekani mahali penye wavuvi. Kilichokosekana ni mtu wetu mmoja anayejua. Tulimpata kwa bahati, kwa sababu hatukuwa tumemlipa bado.

Tulichobadilisha

Ramadhani iliingia siku nne baadaye, nusu ya watu wakiwa wamefunga, na kwa aliyefunga maji hayapo tena katika mjadala. Yanayobaki ni saa, kivuli na pumziko. Kazi nzito ikawa kuanzia baada ya swala ya alfajiri hadi saa nne, basi. Baada ya hapo ni kufunga vyuma na kupima mbao chini ya paa la makuti tulilolijenga kwa siku moja. Msingi wa tangi na slabu ndogo ya nyuma tulivimwaga usiku baada ya tarawehe, kwa taa za jenereta, watu wakinywa na kula kwa raha yao hadi daku. Zege lilitoka zuri kuliko lile la mchana. Nilimwomba pia imamu wa mtaa azungumze nao, akawaeleza kwamba anayeihofia nafsi yake kwa kuzidiwa anayo rukhsa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Nisingeweza kulisema hilo mimi wakasikia.

Baada ya Idi tuliweka mtu wa maji. Kazi yake ni kupita na ndoo na kata kila dakika 20, hadi juu, hadi kwa fundi aliyepinda kwenye kona. Maji yanamfuata mtu. Kila siku ya slabu huwa na ubao wa kusimamishia uliokwishaamuliwa pa kuwekwa, turubai lililokunjwa kando, na makubaliano na mvuvi mmoja juu ya barafu.

Si yote yaliyokaa sawa. Kazi ya usiku iliwaudhi majirani kwa kelele za mashine, na wawili kati ya vibarua wetu ni wavuvi wa usiku, kwa hiyo walikosa siku zile. Kuna mmoja alificha mikazo ya miguu kwa sababu aliogopa kurudishwa nyumbani. Malipo ya mkupuo sijaweza kuyaondoa. Nimefaulu tu kufanya mapumziko yawe ndani ya kazi, kila baada ya dakika 45 mashine inazimwa na hakuna karai linalopanda. Ugomvi mkubwa uko kwenye wageni. Mkandarasi hataki kumlipa siku nzima mtu anayefanya saa moja na nusu, na ndiyo asilimia 20 ya siku ya saa nane. Mimi nashikilia alipwe, kwa sababu mgeni akikatwa malipo atadanganya kwamba ni mwenyeji.

Daudi alirudi baada ya miezi mitatu, kusi ikivuma, akiwa na barua ya daktari ya kumruhusu. Siku ya kwanza alifunga vyuma chini ya makuti kwa saa moja na nusu, akanywa maji, akakaa kuangalia wenzake. Ami alikuja akaniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo ndiyo kazi yake ya siku nzima. Nikamwambia, "Ndiyo, Ami," nikaandika jina lake kwenye daftari la malipo, siku moja kamili.